Sodo Zimefika, Muuguzi Yuko Wapi?

Jumamosi moja mwaka jana nilikaa nyuma ya ukumbi wa shule ya upili ya bweni nikiwatazama vijana wa kikundi kimoja cha mtaani wakigawa sodo. Walikuja na fulana za rangi moja, spika mbili na bango lililojaa nembo za wafadhili. Wasichana walicheka, wakauliza mambo ambayo hawangethubutu kumuuliza mwalimu, wakajibiwa bila kufichwa. Kazi nzuri, sina kinyongo nayo.

Baadaye nilipita kwenye chumba cha wagonjwa. Matroni, ambaye pia ndiye mhesabu mashuka na mfunga mabweni, alinionyesha daftari lake la mwezi huo. Kichwa, tumbo, tumbo, kichwa, pumu, kichwa. Kabatini mlikuwa na dawa za maumivu, bendeji na chupa ya dawa ya kuoshea vidonda. Huyu wa pumu alifanyiwa nini? "Nilimpa chai ya moto, nikamkalisha karibu na dirisha. Asubuhi alikuwa sawa."

Hapo ndipo pana mjadala wa afya ya shuleni nchini Kenya, katikati ya ule ukumbi na kile chumba: kipi kinaisogeza mbele zaidi, harakati za vijana au ushirikiano wa serikali, mashirika na jamii?

Wanaozitetea harakati za vijana wana hoja nzito. Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye sodo mwaka 2004. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ikarekebishwa, ikaipa serikali wajibu wa kumpa kila msichana aliyebaleghe katika shule ya umma sodo za bure, za kutosha na zenye ubora. Haya hayakuletwa na ukarimu wa waziri. Watu walipiga kelele miaka nenda miaka rudi, mpaka neno lililokuwa likinong'onezwa jikoni likatajwa bungeni. Na Muswada wa Fedha wa 2024 ulipokuja na tozo ya mazingira iliyotishia kupandisha bei ya sodo na nepi, vijana hawakusubiri kuitwa. Waliingia barabarani, baadhi yao wakapoteza maisha, na Juni 26 Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini.

Sasa weka kando ya hayo habari za EduAfya. Hii ilikuwa bima ya matibabu ya wanafunzi wa shule za upili za umma, iliyoanza 2018 chini ya NHIF, bima ya taifa ya afya ya wakati huo. Serikali ililipa Sh1,350 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, na waliokusudiwa walikuwa takriban milioni 3. Mkataba wake ulipokwisha Desemba 2023 haukufanywa upya. Miezi sita tu kabla ya Nairobi kufurika waandamanaji, mamilioni ya wanafunzi walipoteza bima, na sikumbuki bango hata moja lililoandikwa jina lake.

Kwa nini? Nadhani jibu ni la aibu kidogo kwetu sote. Mwanafunzi wa bweni haruhusiwi kuwa na simu. Hapigi kura. Wazazi wengi hawakujua kwamba mtoto wao ana bima, kwa hivyo hawakujua kwamba ameipoteza. Na kijana anayetoka Kidato cha Nne leo, kesho ana shida ya chuo, ya kazi, ya kodi ya nyumba. Anayeongea kwa niaba ya bweni, mara nyingi alilihama zamani.

Tusiilie EduAfya kama marehemu asiye na dosari. Ilimtaka mwanafunzi awe kwenye NEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, aende hospitali iliyo na mkataba, na apatikane mwalimu wa kumsindikiza. Kwa shule iliyo mbali na lami, bima hiyo ilikuwa ahadi ya mbali. Lakini ilikuwa ya mwanafunzi mwenyewe. Tangu SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mtoto anahesabiwa chini ya mzazi wake. Kwenye kituo kidogo cha afya atatibiwa bure ikiwa amesajiliwa. Akihitaji kulazwa hospitalini, itategemea kama baba au mama asiye na mshahara amelipa mchango wa mwaka mzima.

Upande wa pili wa mjadala, wa ushirikiano na jamii, una mfano wake wa kujivunia: dawa za minyoo. Mpango wa kitaifa ulianza 2009, ukapanuliwa 2012, na kwa miaka mingi umefikia mamilioni ya watoto kila mwaka. Wizara ya Elimu, Wizara ya Afya na mashirika yaliketi meza moja, mwalimu akafundishwa, akagawa vidonge darasani. Ulifaulu kwa sababu kidonge ni cha bei nafuu, humezwa mara moja kwa mwaka, na yeyote anaweza kukigawa.

Ukitazama vizuri, karibu kila ushindi tunaoutaja katika afya ya shuleni ni wa vitu visivyohitaji muuguzi. Sodo, vidonge, mazungumzo ya ukumbini. Vinagawiwa, vinahesabiwa, vinapigwa picha. Pumu ya saa nane usiku haipigwi picha. Aprili 2023 Shule ya Wasichana ya Mukumu, Kakamega, ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua na baadhi yao kufariki pamoja na mwalimu mmoja. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye chakula na maji. Muuguzi hasafishi kisima, ni kweli. Lakini mtu aliyesomea kazi hiyo, akiona "tumbo" imeandikwa mara thelathini kwa juma, hangeendelea kugawa vidonge vya maumivu.

Kikwazo cha kumpata muuguzi huyo kiko kwenye Katiba ya 2010, na si cha njama. Afya iligatuliwa, kwa hivyo muuguzi ni wa gavana. Shule ya upili ilibaki kwa serikali ya kitaifa, kwa hivyo mwanafunzi ni wa waziri. TSC, tume ya walimu, huajiri walimu tu. Shule inayotaka muuguzi humlipa kwa karo, ndiyo maana shule kubwa wanaye na ya kutwa kijijini haina. Hata wale wahudumu 100,000 wa afya ya jamii waliozinduliwa Septemba 2023 hesabu yao ni ya kaya, na bweni la wasichana mia nne halihesabiwi kuwa kaya ya mtu.

Wapo wanaoona ushirikiano wenyewe ndio tatizo: kila shirika linaloziba pengo linampa ofisa wa serikali sababu ya kulala. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilipositisha misaada ya USAID, shirika lake la misaada ya nje, tuliona jinsi miradi ya miaka mingi inavyoweza kufungwa kwa juma moja. Nakubaliana nao nusu. Kumnyima msichana sodo leo ili waziri aone haya kesho ni mkakati ambao wanaoutetea hawaulipii wao.

Wazazi nao wanastahili kusikizwa kuliko wanavyosikizwa na wanaharakati. Chanjo ya HPV, ile ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, ilipozinduliwa Mombasa Oktoba 2019, upinzani haukutoka kwa wajinga pekee. Madaktari Wakatoliki walikuwemo. Mimi naiunga mkono chanjo. Lakini mzazi anayesikia kwamba mwanawe atadungwa sindano shuleni, bila kuelezwa na mtu anayemfahamu, ana haki ya kuuliza, na vijana wenye spika hawawezi kumjibu kwa mbwembwe za ukumbini. Muuguzi anayekutana naye sokoni angeweza.

Kwa hivyo ningependa kuiona ile sauti ya sodo ikihamia kwenye jambo lisilo na mvuto: mshahara wa muuguzi mmoja kwa shule tatu au nne jirani, kwenye bajeti ya kaunti, kwa makubaliano na Wizara ya Elimu. Vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti mara nyingi huitishwa siku za kazi asubuhi, mwanafunzi akiwa darasani na matroni akiwa zamu. Wenye fulana za rangi moja wana nafasi ya kwenda, na ushahidi upo.

Nilimuuliza matroni kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuliomba lile daftari. Akacheka. Likijaa, akasema, huwashia jiko.