Hapana, kwenu kwenu ni wapi?

Kidato cha tano tuliisoma Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi kama tulivyosoma riwaya zote: kwa kukariri. Dhamira, migogoro, nafasi ya mwanamke, ujenzi wa jamii mpya. Yasmin kwangu alikuwa mfano wa ndoa ya kulazimishwa, hoja moja ya kujazia insha. Miaka ikapita, nikaja kuiona filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya hiyo, ile iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021, ndipo nikamwona binti mwenyewe.

Kisa mnakijua. Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yupo. Yasmin, binti wa Kihindi, kaozwa mume mzee. Anatoroka, anapokelewa na Mwajuma, anakutana na Denge, kijana wa harakati za uhuru. Wengi wanaiita filamu ya mapenzi. Mimi mapenzi yao hayakunikaa sana. Aliyenishika ni Mwajuma, aliyemfungulia mlango.

Mwajuma anakaa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiitenga na Mji Mkongwe, kabla haujafukiwa. Jina la Darajani limebaki, daraja lenyewe halipo. Mkoloni alitaka kila mtu akae kwenye fungu lake: Mwarabu, Mhindi, Mwafrika. Yasmin anavuka mwendo wa dakika chache tu, na kwao tayari ni aibu ya ukoo mzima.

Shuleni nilikaa dawati moja na msichana wa Kihindi, mzaliwa wa Tanga, na babu yake vilevile mzaliwa wa Tanga. Kila akija mwalimu mgeni:

“Kwenu wapi?”

“Tanga.”

“Hapana, kwenu kwenu.”

Alikuwa akicheka, halafu anainama kuchorachora pembeni ya daftari. Kiswahili chake kilikuwa kinanipita mbali mimi, mtoto wa bara ninayeteleza kwenye “r” na “l” hadi leo. Mimi hakuna aliyeniuliza kwetu kwetu.

Lawama kwa filamu ninayo. Picha zinapendeza kupita kiasi. Kuna mahali unatazama ukuta uliobanduka rangi na ule mwanga wake mpaka unamsahau mtu aliyeuegemea. Sidhani kama waliolala njaa Ng'ambo waliwahi kuiona hivyo.

Mwaka 2022 Tanzania iliipeleka filamu hii kugombea Oscar, baada ya zaidi ya miaka 20 bila kupeleka filamu yoyote. Mimi niliiona kwenye ukumbi mdogo Dar es Salaam, viti vya plastiki, tena kwa kudokezwa na mtu. Usiku ule nilimwandikia yule rafiki yangu wa dawati, nikamwambia aitafute.

Akajibu asubuhi: “Nimeisikia sana. Lakini huku kwetu haijafika.”

Alikuwa Tanga.