Teke la Hamedi na dhahabu aliyoikosa

Tarehe 7 Agosti 2021, ndani ya ukumbi wa Nippon Budokan jijini Tokyo, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza kwa pointi 4 kwa 1 kwenye fainali ya karate ya uzito wa zaidi ya kilo 75. Akarusha teke la juu. Sajad Ganjzadeh wa Iran akaanguka, akapoteza fahamu, akatolewa kwa machela huku amevalishwa barakoa ya oksijeni. Waamuzi wakateta, kisha wakamtoa Hamedi mchezoni kwa kupiga kupita kiasi. Ganjzadeh alipozinduka akaambiwa yeye ndiye bingwa wa Olimpiki.

Tangu siku ile nasikia lawama ileile: mchezo gani wa kupigana unamwadhibu aliyepiga na kumtuza aliyepigwa? Lawama hiyo ina uzito. Katika taekwondo, mchezo wa mateke wa Kikorea, kwenye Olimpiki hiyohiyo, teke la kichwani likimwangusha mtu asiweze kuendelea, umeshinda. Tena Hamedi alikuwa ameshavuna pointi 3 kwa teke la kichwani mapema kwenye pambano lile. Na watu wawili wakiendeana kwa kasi, mmoja akiingia nusu hatua tu, teke lililopimwa vizuri linageuka rungu. Saudi Arabia ilikuwa haijawahi kupata dhahabu ya Olimpiki, na kijana wa miaka 23 alikuwa ameishika mkononi. Namhurumia mpaka leo.

Lakini wanaosema karate iliogopa nguvu hawajaielewa. Sheria inaruhusu teke la mtu mzima liguse kichwa kidogo tu. Kinachopewa pointi ni pigo lenye kasi na shabaha ambalo mpigaji mwenyewe amelizuia. Na kulizuia ni kazi ngumu kuliko kulipiga. Sensei wangu, yaani mwalimu wangu wa karate, alikuwa akitundika leso kwenye kamba, usawa wa kidevu, anatutaka turushe teke kwa nguvu zote, leso ipeperuke kwa upepo wa mguu bila kuguswa. Kuipiga leso, wote tuliweza siku ya kwanza. Kuusimamisha mguu upana wa kidole kabla ya leso kulinichukua karibu mwaka mzima, nyonga zinawaka moto, mguu niliosimamia unatetemeka.

Sasa fikiria dhahabu ile ingekwenda kwa Hamedi. Fikiria Jumatatu iliyofuata, kwenye dojo ya mtaani, yaani ukumbi wa mazoezi ya karate, sakafu ya saruji, glavu za kuazimana, hakuna daktari wala machela. Mtoto wa miaka 15 ameona kwenye televisheni kwamba aliyemzimisha mwenzake ndiye aliyepanda jukwaani, na mbele yake kasimama jirani yake wa darasani. Ganjzadeh aliangukia kwenye mkeka, madaktari wakiwa hatua chache tu. Huyu jirani ataangukia saruji. Kinachomlinda ni kitu kimoja: hakika kwamba mwenzake atauzuia mguu. Hakika hiyo ikitoka, hakuna atakayekubali kupigana kwa kasi na yule aliyepiga teke Jumatano, na asipopata wa kupigana naye hatajifunza chochote. Gichin Funakoshi, Mwokinawa aliyepeleka karate Tokyo mwaka 1922, katika kanuni zake 20 aliitanguliza ile inayosema karate huanza na kuisha kwa heshima. Kwangu, kule kuinamiana kwa heshima kabla na baada ya pambano kunamaanisha hivi: nakukabidhi mwili wangu ujifunzie, unirudishie mzima.

Wapo wanaohofia kwamba sheria hii inafundisha watu kujiangusha. Kujifanya umeumia nako ni kosa lenye adhabu. Penye udhaifu wa kweli ni kwamba nguvu ya pigo inapimwa kwa jicho la mwamuzi, na jicho linaweza kukosea. Hapo wakosoaji wana haki. Ila wanaodai kwamba fainali ile ndiyo iliyoifukuza karate Olimpiki wanakosea tarehe: waandaaji wa Paris 2024 walikuwa wameshaiacha nje ya mapendekezo yao tangu 2019.

Hamedi alipoulizwa, alisema hakubaliani na uamuzi kwa kuwa aliitaka dhahabu, lakini ameupokea. Ganjzadeh naye alisema amesikitika kuipata namna ile.