Cheti hakionji tunda

Msimu wangu wa pili wa kuchuma rasiberi, tunda dogo jekundu la nchi za baridi, karibu na Dundee, Scotland, nilipangiwa mistari ya mwisho wa shamba, ile ya majaribio ya aina mpya, ambazo bado hazina jina. Kila mche ulikuwa na kibao chenye namba, basi. Kazi yetu ilikuwa kuchuma, kupima na kuandika. Kula hakukukatazwa, kwa hiyo tulikula. Mche wa tano kutoka getini ulitugombanisha: tunda lake lilikuwa tamu, na uchachu ulikuja nyuma kidogo tu, ukishameza. Kila asubuhi mtu alikuwa ameshatangulia.

Mistari ile ni kazi ya miaka. Mtaalamu hufungua ua kabla halijachanua, hung'oa sehemu zake za kiume kwa kibano, hulipaka chavua ya mzazi aliyemchagua, kisha hulifunika nyuki wasimharibie. Mbegu lazima zikae kwenye baridi kwanza ndipo ziote, na kila moja huota na tabia zake, kama watoto wa tumbo moja. Nyingi mno huishia kung'olewa. Kutoka ua lile hadi sokoni yaweza kupita miaka 10 hadi 15. Aina iitwayo Glen Ample, ambayo fito zake hazina miiba (mikono yangu inaishukuru hadi leo), ilitoka Invergowrie, jirani kabisa na pale.

Sasa mwizi anahitaji nini? Jembe. Mrasiberi huchipua wenyewe kutoka mizizini, kama mgomba. Chipukizi moja kwenye ndoo usiku mmoja, na jasho la miaka yote hiyo limehama shamba. Ndiyo maana sina ugomvi na haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, zinazowazuia wengine kuzalisha na kuuza miche yao bila ruhusa. Uingereza huwapa miaka 25 kwa tunda hili, na sioni kama ni mingi. Anayepanda nyuma ya nyumba ale na wanawe haguswi. Hata mshindani anaruhusiwa kuichavusha aina iliyolindwa ili atafute yake mpya.

Ugomvi wangu ni na wauzaji miche wanaotangaza "aina yenye haki miliki" kana kwamba ni muhuri wa ubora. Kabla cheti cha haki hizo hakijatolewa, mkaguzi huuliza mambo matatu: je, aina hii ni tofauti na zilizopo? Miche yake inafanana? Itabaki hivyo ikizalishwa tena na tena? Kwa rasiberi, mwongozo wa UPOV, umoja wa kimataifa wa haki hizi, humtaka aangalie miiba, rangi ya fito, umbo la jani, wekundu wa tunda, ugumu wake, hata jinsi linavyoshikana na moyo wake. Rasiberi ukiichuma huja tupu ndani kama tondoo ya mshonaji, moyo mweupe ukabaki mtini. Kwa kawaida mmea hupimwa misimu miwili. Misimu yote miwili, ulimi hauitwi.

Wala sidai uitwe. Nani awe mwonjaji? Mimi niliyekulia kwenye maembe, na Mskochi aliyekulia kwenye rasiberi, tutaandika alama zilezile kweli? Ninachotaka ni cheti kisomwe kwa kile kinachosema. Kenya imo UPOV tangu 1999, Tanzania tangu 2015, na huko nyumbani mkulima wa mahindi anajua kwamba kuna majaribio mengine, ya ufanisi wa aina shambani, kabla mbegu haijaruhusiwa sokoni. Akiona "imesajiliwa" anadhani kila zao limepita huko. Rasiberi za Uingereza hazidaiwi mtihani huo wa pili. Mtihani unaozisubiri ni wa lori na rafu ya duka, na lori halina ulimi. Lori linataka tunda gumu.

Mche wetu wa tano ulikwama hapo. Tunda lake liling'ang'ania moyo. Ukivuta taratibu haliji, ukivuta kwa nguvu linakupasukia kiganjani, utomvu mwekundu hadi kwenye kiwiko. Tofauti ulikuwa nayo, tena tele. Ila nani atalipa ada ya maombi kwa tunda litakalofika Edinburgh likiwa uji?

Msimu wa tatu nilikuta nafasi tupu kwenye mstari. Kibao chake kilikuwa ndani ya ndoo ya magugu, namba bado inasomeka.