Tunamcheka Mla Kucha, Mla Nywele Hatumwoni

Anayetafuna kucha hadharani hakosi mtu wa kumkemea: "Toa mkono mdomoni!" Anayechokonoa pua na kula anachokitoa, huyo anageuzwa kichekesho kabisa. Lakini binti anayenyofoa nywele zake mojamoja na kuzimeza, wengi hata hawajui kwamba yupo. Kwa maoni yangu tumekosea mpangilio: tunapiga kelele penye madhara madogo, na penye hatari ya kweli tumenyamaza.

Mla kucha mara nyingi hata haamui kuzila. Anasoma, au anasubiri majibu, huku kidole gumba kikipapasa kucha za vidole vingine. Kinakuta pembe imechongoka, na kabla mwenyewe hajashtuka meno yameshafika. Akiing'oa pembe hiyo anaacha nyingine, basi kazi haiishi. Madhara yapo: ngozi ya pembeni ikichanika, bakteria huingia na kidole huvimba hadi kutunga usaha. Meno ya mbele husagika, na mayai ya minyoo yaliyojificha chini ya kucha hupata njia ya kuingia tumboni. Ila ni nadra mtu kulazwa kwa sababu ya kucha. Tena utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kwamba watoto waliokuwa wakinyonya kidole gumba au kung'ata kucha hawakuonyesha mzio kwa wingi kama wenzao walipopimwa ngozi wakiwa na miaka 13. (Sisemi muanze kuwafundisha!)

Kuhusu kamasi sina mengi. Kila mmoja wetu humeza kamasi mchana kutwa bila kujua. Kinachosumbua zaidi ni kidole kichafu kinachochubua pua.

Nywele ni habari nyingine. Zimeundwa kwa keratini, aina ya protini ngumu, na tumbo la binadamu haliwezi kuimeng'enya. Zinateleza, zinanasa kwenye mikunjo ya tumbo, zinasokotana na mabaki ya chakula, na mwisho linatokea donge lenye umbo la tumbo lenyewe. Mkia wa donge ukishuka hadi kwenye utumbo, madaktari huuita ugonjwa huo sindromu ya Rapunzel, jina la yule binti wa hadithini mwenye nywele ndefu. Ulielezwa kitabibu mwaka 1968. Donge linaweza kuziba utumbo au kuutoboa, na likishakuwa kubwa dawa yake kwa kawaida ni upasuaji. Kabla ya hapo mgonjwa hushiba upesi, hutapika, hukonda, huishiwa damu. Anaweza kuzungushwa vipimo kadhaa kwa sababu hakuna aliyetaja nywele, na mwenyewe hasemi kwa kuwa keshazoea kuchekwa.

Hapo ndipo kejeli zetu zinapoumiza. Aliyechekwa haachi, anajificha. Mwaka 1973 wanasaikolojia Nathan Azrin na R. Gregory Nunn walieleza njia isiyohitaji kofi wala matusi: mtu hujifunza kuutambua mkono unapoanza safari yake, kisha huupa kazi nyingine, kwa mfano kukunja ngumi mpaka hamu ipite. Wataalamu wa saikolojia wanaitumia mpaka leo.

Lakini anayemeza nywele na kuumwa tumbo asisubiri mazoezi. Apelekwe hospitali, na anayemsindikiza ataje nywele kabla daktari hajauliza.