Mti wa virusi haumtaji mtu

Maneno yanazunguka Lubumbashi, kutoka Katuba hadi Kamalondo: eti kuna mashini inayosoma kirusi cha SIDA na kutaja nani alimwambukiza nani. Bwana anataka ipime bibi yake, bibi anataka ipime bwana, na mwanasheria ameshanusa pesa. Hakuna anayeuliza inasoma nini.

Inasoma kipande. Kirusi kina herufi karibu 9,700. Kwa kawaida husomwa kama 1,000 hivi za jeni ya pol, zile zile za kupima usugu wa dawa. Virusi vya watu wawili vikitofautiana chini ya asilimia 1.5, mara nyingi huwekwa kundi moja. Basi! Ni ndugu, wala hatujui nani baba. Huenda dereva aliyepita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambaye hakuna aliyemchoma kidole, ndiye aliyewapa wote wawili. Asiyepimwa hachorwi kwenye mti, yaani mchoro wa undugu wa virusi.

Halafu damu yenyewe. Matone matano kwenye karatasi nene, kila tone lijaze duara lake. Ikauke saa tatu au zaidi mbali na jua, ndipo iingie kwenye mfuko wenye vipakiti vya kunyonya unyevu na kadi ndogo ya alama. Kadi ya buluu ikigeuka pinki, vipakiti vimeshiba, badilisha. Mwezi wa kwanza, mvua ikipiga malata kutwa, inageuka upesi. Karatasi iliyofungwa mbichi inaota ukungu na RNA, ndizo zile herufi za kirusi, inaharibika. Nje ya friza isizidi siku 14. Friza, na umeme huu wetu!

Virusi vikiwa chini ya 1,000 kwa mililita, mara nyingi hakisomeki kitu. Kwa hiyo anayemeza dolutegravir yake, dawa ya SIDA, vizuri hayumo kwenye mti. Wamo ambao hawajaanza dawa na ambao dawa zimewashinda. Kisha tuwaite hao ndio waenezaji?

Kosa baya zaidi halitoki kitandani, linatoka kwenye meza ya maabara. Tone la sampuli moja likirukia tyubu ya jirani, watu wawili wasiojuana wanatoka na kirusi kimoja. Ndiyo maana kila PCR, kazi ya kuzidisha herufi za kirusi ili zisomeke, inawekewa tyubu ya maji matupu. Maji yakitoa jibu, kazi yote inatupwa.

Haya, nakubali: ukisoma nakala nyingi za kirusi ndani ya kila mtu, unaweza kukisia mwelekeo, nani alimpa nani, katika umati. Kwa bwana na bibi wawili, hapana.

Njia hii hii ndiyo iliyoonyesha, mwaka 2014, kwamba kirusi kilianza kuenea Kinshasa mnamo 1920 na kufika huku kwetu mwishoni mwa miaka ya 1930. Waliolitafiti walinyooshea kidole reli, si mke wa mtu.

Kifungu cha 45 cha sheria yetu ya SIDA ya 2008, kilichomwadhibu anayeambukiza makusudi, kilifutwa 2018, vizuri. Ila ile ya 2006 juu ya ubakaji imeandika kifungo cha maisha kwa anayeambukiza makusudi. Sasa mpelekee jaji mti wa rangi rangi, uone kama atauliza habari za tyubu ya maji.