Watchmen: damu iliyoongezwa, maiti zilizofutwa

Wanaoilaumu filamu ya Watchmen (2009) ya Zack Snyder husema ina damu nyingi kuliko kitabu cha katuni cha mashujaa cha 1986 na 1987, kilichoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya habari.

Tazama ugomvi wa kichochoroni, mashujaa wastaafu Dan na Laurie wanapovamiwa na genge. Gibbons hugawa ukurasa visanduku tisa, tatu kwa tatu, na hapa anachanganya mapigano na mahojiano ya Dr. Manhattan, shujaa mwenye nguvu zisizo za kibinadamu, kwenye televisheni. Unaona ngumi, kisha studio, kisha mtu ameshaanguka. Kilichotokea katikati unakijaza mwenyewe. Snyder naye anabadilishana matukio hayohayo mawili, lakini katikati anatuonyesha: mfupa unachomoza mkononi, kisu kinazama shingoni.

Utetezi wake una uzito. Msomaji hushika kasi ya ukurasa mwenyewe, mtazamaji wa sinema hana uwezo huo. Tena kipigo kisichoumiza ni uongo wa filamu nyingi za mashujaa, na mfupa ule unakumbusha kwamba hawa wawili wanaua watu.

Utetezi huo unalegea kwa Rorschach, shujaa mvaa barakoa, na mtekaji wa mtoto. Katika katuni anamfunga pingu kwenye jiko, anamwachia msumeno, anamwaga mafuta ya taa, anawasha kiberiti, kisha anasimama nje akitazama nyumba ikiungua. Katika filamu anampasua kichwa kwa panga la bucha, tena na tena. Yawezekana kuepuka marudio ni sababu: filamu ya kutisha ya Saw ya 2004 ilikuwa imeshatumia minyororo na msumeno. Hata hivyo, ukatili uliopangwa kwa utulivu umegeuka hasira, na hasira tunaisamehe upesi mno.

Jambo zito zaidi liko mwishoni. Sura ya 12 ya katuni inafunguka kwa picha sita, kila moja ukurasa mzima, visanduku tisa vimeondolewa: barabara za New York zimejaa maiti, nyingine zikining'inia madirishani. Filamu imebadilisha silaha ya Veidt, shujaa mstaafu aliyepanga mauaji hayo. Badala ya kiumbe mkubwa wa bandia kuna mlipuko wa nishati katika miji kadhaa, watu wanayeyuka, linabaki shimo. Kumwondoa kiumbe yule naona ni uamuzi wa busara, maana kumweleza kungehitaji kuingiza mkondo mzima wa hadithi ya kisiwa alikotengenezwa. Kuondoa maiti ni suala jingine kabisa. Veidt anaua mamilioni kwa kisingizio cha kuzuia vita vya nyuklia, na mtazamaji anaombwa kupima hesabu hiyo bila kuonyeshwa wafu, baada ya kuonyeshwa kwa ukaribu mkono wa jambazi mmoja ukivunjika. Picha sita zilizotulia, sekunde nne kila moja, zingekuwa sekunde 24 tu katika filamu ya dakika 162.