"Spoku Moja Haina Noma"

Jumamosi nilikuwa kijiweni kwa fundi, hapa Shinyanga, nasubiri zamu yangu ya kubadilishiwa gololi, akaingia kijana na Phoenix yake ya inchi 28, madumu ya maziwa yananing'inia huku na huku. Wili ya nyuma inayumba, kila ikizunguka inaenda kusugua breki. Spoku moja imekatika upande wa frii wili, ile gia ya nyuma inayovutwa na mnyororo, palepale kwenye kona inapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha wili. Fundi akainyofoa, akaitupa kwenye kopo la vyuma chakavu. "Dogo, moja haina noma. Wahi, maziwa yasichachuke." Dogo akashukuru, akaondoka. Sisi tuliobaki tukaendelea na stori za mpira, ila mimi sikusikia hata matokeo.

Haina noma! Ziulizwe zile 39 zilizobaki.

Maana ukiuliza kwa nini spoku zinakatika, mtaani jibu ni moja tu: spoku za siku hizi feki. Haya, feki zipo. Kuna zile laini ambazo ukizungusha kinati, ile nati ndogo inayokaza spoku kwenye ringi, kinaua meno kabla spoku haijavutika. Nimekubali, tuendelee. Lakini hata spoku nzuri ya kutoka mbinguni ukiifunga kwenye wili iliyolegea itakatika, na hili ndilo hakuna anayetaka kulisikia, kwa sababu kumlaumu Mchina ni rahisi kuliko kushika spana.

Uzito ukikaa kwenye ekseli, spoku zilizo chini kwa wakati huo hupungukiwa mkazo. Zikipanda, zinakaza tena. Wili ya inchi 28 inazunguka kama mara 450 kwa kila kilomita. Mtu anayetoka na maziwa kijijini kilomita 15 amezungusha karibu mara 7,000 kabla hajauza hata kikombe kimoja, na kila mzunguko kila spoku imelegea na kukaza. Sasa, iliyokazwa vizuri inabaki imevutika muda wote, hata inapopunguziwa mkazo huko chini, na shingo yake haichezi kwenye tundu la habu. Iliyolegea inajikunja na kujikunjua palepale kwenye kona, kama waya unaoukunja kwa vidole huku na huku mpaka ukatike. Ndiyo maana mara nyingi inakatikia kwenye kona na si katikati. Mzigo unaharakisha tu. Wangapi wanabeba magunia mawili ya mkaa na wili imetulia?

Ikishakatika moja, zile za upande wa pili zinaivuta ringi kwao bila wa kuzizuia, ndiyo hiyo yumba. Jirani zake wa upande uleule wanagawana kazi ya marehemu, na wenyewe walikuwa wamechoka kama yeye. Ya pili ikifuata, usianze kumtafuta mchawi.

Mwaka 1874 James Starley wa Coventry, Uingereza, alisajili hataza ya gurudumu lenye spoku zinazopishana, zinazoshika habu kwa ubavu badala ya kuchomoka moja kwa moja kutoka katikati. Kila spoku inajibiwa na nyingine. Mpaka leo baiskeli ya maziwa inatembea kwa akili hiyohiyo. Halafu tunakuja kijiweni mwaka huu na kusema moja haina noma.

Kuna jambo baya kuliko kuiacha wazi, nalo ni kuiziba kihuni. Upande wa frii wili spoku mpya haipiti mpaka frii wili ifunguliwe. Kifunguo chake wengi hawana, kwa hiyo ni nyundo na tindo, au ule ujanja wa kukata spoku, kuikunja ndoano na kuitundika kwenye tundu. Ndoano! Kwenye wili inayobeba mtu na lita kadhaa za maziwa! Au wanafunga spoku ndefu kupita kiasi, ncha inachomoza ndani ya ringi, hakuna anayeipiga tupa. Jioni mpira una pancha, unarudi kwa fundi yuleyule kuziba. Sisemi anafanya makusudi. Nasema tu biashara inamwendea vizuri.

Kazi yenyewe haina uganga. Unapima ya zamani uje na urefu uleule. Unatazama wenzake wanavyopita, nani kichwa ndani, nani nje, nani chini ya nani kwenye kupishana, unaipitisha hivyohivyo. Kisha kinati, robo mzunguko kwa robo mzunguko, chaki ikiwa imeshikwa karibu na ringi ikuonyeshe inapogusa. Na hapa ndipo mafundi wetu wanapoacha, wakati ndipo kazi inapoanza: zichapie zote kwa kidole. Za upande mmoja zinatakiwa zilie sauti zinazokaribiana. Inayolia "dub" kati ya zinazolia "ting" ndiyo utakayoirudia wiki ijayo. Mzee mmoja wa mtaa wa Kambarage, hapahapa mjini, alikuwa anainamisha sikio kwenye wili namna hiyo, tukiwa watoto tunamcheka.

Ila na sisi wateja tusijifanye malaika. Spoku bei yake haifiki soda, na fundi akitaja hela ya kunyoosha wili nzima tunaruka: "Fundi, si spoku moja tu?" Akikaa nusu saa na spana tunamwona anatuzungusha. Kumbe nusu saa hiyo ndiyo bidhaa, na spoku ni nyongeza. Yule fundi wa Jumamosi, pamoja na hasira zangu zote, alijua dogo hana hela na maziwa hayasubiri. Angeweza hata hivyo kumkazia jirani mbili tatu kwa dakika tano, na kumwambia arudi mchana akishauza. Hilo halihitaji kifunguo chochote.

Najua tayari kuna anayeandika kwamba baiskeli imepitwa na wakati, ninunue pikipiki. Pikipiki nyingi za hapa mjini zina spoku vilevile. Na fundi wake anakaa kijiwe hichohicho.